Jinsi Ofisi Yangu Ilivyouza Vifungo vya Mama Vifungo

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye baada ya yule aliyealikwa kupata udhuru ni mimi mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa kukaimu pia ni mimi. Waheshimiwa wakuu wa vitengo mliofika, na nyinyi mliotuma makoti yenu yakae kwenye viti kwa niaba yenu. Ndugu Katibu Muhtasi wa ofisi yangu, mshika kalamu, mshika funguo na leo mshika kipaza sauti. Wafanyabiashara wakubwa, wa kati, wadogo, na wale ambao bado tunatafuta kipimo cha kuwaona. Mafundi cherehani wa mtaa huu. Mnufaika wetu, Mama Vifungo. Mama mkwe wa mnufaika, uliyekaa mstari wa mbele ukinitazama kwa jicho ambalo nimeamua kulitafsiri kuwa ni heshima. Wanahabari, kama mngekuja. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naomba izingatiwe kimyakimya.

(Makofi. Yanaanzia kwa Katibu na kuishia kwa Katibu.)

Asanteni, asanteni, inatosha. Leo ni siku kubwa, siku ambayo mimi binafsi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana hadi ghorofa ya tatu, nimekuja kufunga rasmi Mradi wa Mauzo ya Duka Dogo la Mtandaoni, ambao sisi wataalamu, ili kuokoa muda wa taifa, tunauita kwa kifupi MADUDO.

(Mama mkwe: "Madudu?")

MADUDO, mama. Ina O mwishoni.

(Mama mkwe: "Hiyo O hata haisaidii." Kicheko.)

Naendelea. Mama Vifungo, kwa wasiomjua, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi pale ofisi ilipohitaji mtu wa kumwinua, alikuwa mshonaji katika karakana ya makoti iliyokuwa nyuma ya soko. Karakana ilipofungwa, mashine zikachukuliwa na wenye magari, nguo zikachukuliwa na wenye haraka, na vikabaki vifungo, magunia matatu, ambavyo hakuna aliyevitaka. Yeye akavinunua. Akavipeleka kwenye chumba anachoishi na mama mkwe wake, kwa maana mumewe alishatangulia mbele ya haki, na hawa wawili tangu siku hiyo wamekuwa kama chanda na pete, isipokuwa asubuhi, wakati wa kugombania redio.

(Mama Vifungo anainamisha kichwa akitabasamu. Mama mkwe: "Redio ni yangu.")

Basi akafungua duka katika soko la mtandaoni, lile ambalo mtu huperuzi mpaka kidole gumba kinaomba likizo, akaliita "Vifungo", akangoja. Kwa miezi mitatu aliuza mara tatu. Mara ya kwanza alinunua dada yake anayeishi mji mwingine. Mara ya pili alinunua dada yake yuleyule, kwa huruma. Mara ya tatu alinunua bwana mmoja aliyetazama picha ile yenye giza akadhani ni peremende, ambaye alirudisha mzigo ukiwa na alama za meno, akalipatia duka nyota moja, na chini yake akaandika: "Hazina ladha."

(Kicheko kirefu. Fundi mmoja anafuta machozi.)

Ndipo ofisi yangu, ambayo hailali, na inaposinzia husinzia kwa zamu, ikaona kwamba hapa pana pengo, na palipo na pengo lazima pawe na mradi, na palipo na mradi lazima pawe na mimi. Nikaingia chumbani kwa Mama Vifungo na ujumbe wa watu tisa, chumba ambacho kwa vipimo vyetu kinabeba watu wanne endapo wawili hawapumui, kwa lengo la kufanya tathmini ya mahitaji kwa njia shirikishi. Nikamuuliza, "Mama, changamoto yako ni nini?" Akasema, "Wateja hawanioni." Nikamwambia, "Mimi nakuona." Akasema, "Kwa hiyo utanunua?" Nikamweleza kwa upole kwamba ofisi hainunui, ofisi inawezesha. Akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Uwezeshaji wetu, mabibi na mabwana, ulianza na jina. "Vifungo" ni jina la kienyeji mno, halina stratejia, halina dira, mtu akilisikia anaelewa papo hapo, na jambo linaloeleweka papo hapo halipati bajeti. Tukalibadilisha likawa Kituo Jumuishi cha Masuluhisho ya Ufungaji. Matokeo yalionekana ndani ya wiki moja tu! Waliouliza habari za duka walipanda kutoka mmoja hadi sita, ongezeko la asilimia mia tano!

(Makofi ya Katibu. Mama Vifungo: "Watano walitaka makufuli, Mheshimiwa.")

Watano walitaka makufuli, sawa.

(Mama Vifungo: "Na wa sita alitaka mtu wa kwenda kumkalia sanduku lifungike.")

Na wa sita alitaka huduma, jambo linaloonyesha kwamba soko lilikuwa limepanuka. Tukaja kwenye picha. Picha ya mwanzo ilikuwa ya vifungo, na mimi kama mtaalamu nikauliza, je, kifungo kina sura? Kina mvuto? Kina uongozi? Tukaiondoa, tukaweka picha yangu mimi, nikiwa nimesimama wima, mkono mmoja mfukoni, mwingine ukionyesha upande ambao maendeleo yanatarajiwa kutokea. Wateja wakaitikia! Mmoja aliuliza kama huyo mzee anauzwa pamoja na shati au shati linapatikana peke yake. Mwingine aliuliza kama akiharibika anarudishwa. Na Mama Vifungo, kwa lugha ambayo haikuwa ya kidiplomasia, akawajibu wote wawili: "Huyo hauzwi, ndugu zangu, hata bure."

(Ukumbi unalipuka. Mama mkwe anampigapiga mkwewe gotini kwa kicheko.)

Cheka, cheka, afya hiyo. Hatukuishia hapo. Maelezo ya bidhaa nayo tuliyaandika upya, kwa siku nne, katika warsha, na nakumbuka kwa fahari sentensi ya kwanza: "Bidhaa hii ya mviringo yenye matundu manne ya kimkakati huziwezesha pande mbili za vazi kufikia maridhiano." Naomba mtulie kidogo muionje sentensi hiyo.

(Mtu anakohoa.)

Sasa, msemaji mkweli hafichi. Ilikuja barua. Wenye lile soko la mtandaoni waliandika kwamba duka lenye nyota moja tu, ambalo wateja wanalalamika kuwa hawajui linauza nini, litafungwa baada ya siku kumi na nne. Mama Vifungo aliisoma barua ile akiwa amekaa juu ya gunia. Naarifiwa, maana mimi nilikuwa nimetoka kupokea simu, kwamba aliisoma mara mbili, akaikunja, akamwambia mama mkwe wake, "Mama, duka likifungwa itabidi niende kwa dada nikamlelee watoto. Alishaniambia nafasi ipo, lakini ni ya mtu mmoja." Na mama mkwe akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi nitabaki na redio." Halafu akaizima, na wanaomjua wanasema redio ile haikuwahi kuzimwa mchana.

(Mama mkwe anatazama mikono yake.)

Ndiyo. Ndiyo. Basi. Ofisi yangu ililipokea jambo hili kwa uzito. Siku kumi na nne ni chache, kwa hiyo hatukupoteza hata moja kufanya kazi: tuliunda mara moja Kamati ya Dharura ya watu kumi na mmoja, ikaketi siku tisa mfululizo humohumo chumbani, kwenye meza ya Mama Vifungo, viti vya Mama Vifungo na kitanda cha mama mkwe, tukijadili ajenda moja nzito, kwamba je, kifungo ni bidhaa au ni nyenzo. Hadi siku ya sita tulikuwa tumekubaliana kwamba ni kitu. Chai ilikuwa nzuri, namshukuru mwenye chai.

(Mama Vifungo: "Sukari iliisha siku ya pili." Fundi mmoja: "Ndiyo maana wakaafikiana polepole!")

Na hapa, mabibi na mabwana, ndipo mchango wa ofisi yangu unapoonekana waziwazi. Kwa kuwa meza ilikuwa imekaliwa na kamati, Mama Vifungo hakuwa na pa kukaa ila dirishani. Nani alimpeleka dirishani? Kamati! Na pale dirishani, asubuhi, kuna mwanga. Akatandika kitambaa cheupe, akaweka kifungo kimoja, akakipiga picha kwa simu yake, akaitazama, akasema, "Mama, mtu hawezi kujua ukubwa wake. Hebu nipe kidole." Mama mkwe akasema, "Kidole changu kina mikunjo." Akamwambia, "Ndiyo nakitaka, mama. Kila mtu ana mtu mwenye kidole kama hicho."

Basi kikapigwa picha kifungo kimoja baada ya kingine, vyeusi, vyeupe, vya mfupa, vya chuma, kila kimoja pembeni mwa dole gumba la mama mkwe. Picha yangu ikapumzishwa. Jina la duka likarudi kuwa "Vifungo", bila kikao, bila muhtasari, jambo ambalo kiutaratibu ni kosa lakini nimelisamehe. Na yale maelezo ya maridhiano yakafutwa, akaandika yake, nayasoma kama yalivyo: "Kifungo cheusi cha koti. Matundu manne. Upana wake kama ukucha unaouona. Hakiliwi."

(Kicheko na makofi. Safari hii makofi yanatoka kila upande, na Katibu anachelewa kuyafikia.)

Halafu akampigia simu yule bwana wa peremende. Sisi kamati tulisikia, maana chumba ni kidogo. Akasema, "Ndugu, mimi ni mwenye vifungo. Picha yangu ilikudanganya, naomba radhi. Jino linaendeleaje?" Bwana yule akacheka mpaka simu ikakwaruza, akasema, "Mama, tangu nianze kununua vitu mtandaoni, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza habari za jino." Jioni hiyohiyo nyota moja ikawa nne. Ya tano aliibakiza, aliandika, kwa heshima ya jino.

Siku ya saba akaandika mteja mwingine, mwalimu wa kike anayeishi mbali sana. Alisema, na naomba hapa nisome taratibu: "Nina koti la marehemu baba yangu. Limepungukiwa kifungo kimoja, cha kahawia, chenye mistari kama ubao. Nimekitafuta miaka miwili. Mwezi ujao naolewa, nilitaka kaka yangu alivae siku hiyo akinisindikiza, lakini sitaki alivae likiwa wazi. Unacho?"

Mtu mwenye akili ya biashara angemjibu kwamba kifungo kimoja hakilipi hata gharama ya bahasha. Mimi nilimshauri hivyo. Mama Vifungo akanijibu, "Mheshimiwa, inua miguu." Akamwaga gunia la kwanza sakafuni. Yeye na mama mkwe wakapiga magoti wakaanza kuchambua, katikati ya viatu vya kamati, kimoja kimoja. Siku hiyo ikaisha. Kesho yake akamwaga la pili, hakipo. Akamwaga la tatu, hakipo. Kamati ilipitisha azimio kwamba kelele za vifungo zinaathiri mjadala. Mama Vifungo akakaa chini, nywele zina vumbi, akasema, "Itabidi nimwandikie kwamba sina." Mama mkwe, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, akasema, "Ngoja. Hebu huyu mwenye tumbo ainue mguu wa kushoto."

Nikainua. Na pale, mabibi na mabwana, kimenasa kwenye soli ya kiatu changu, cha kahawia, chenye mistari kama ubao!

(Ukumbi mzima unasimama. Mtu anapiga mluzi.)

Sasa nauliza, na wanaotubeza wajibu: kifungo kilipatikana wapi? Kwenye kiatu cha ofisi! Kiatu cha nani? Changu! Mimi nilikuwa nimekihifadhi, kwa siku mbili, bila malipo, bila hata kujua!

(Mama mkwe: "Ukakikanyaga pia!")

Nilikikanyaga kwa uangalifu. Kikapelekwa kwa basi la usiku uleule. Mwalimu akakipokea, akakishona mwenyewe, akaweka picha kwenye duka lile kila mtu aione: kaka mtu akilijaribu koti la baba kabla ya harusi, limefungwa mpaka juu, na yeye pembeni anacheka huku analia. Akaandika, "Nilimwomba mtu nisiyemjua kifungo kimoja, akamwaga magunia matatu." Basi tu. Hakuweka hata neno moja kuhusu kamati.

Lakini watu wakasoma. Wakaanza kuja. Fundi wa sare za shule akaagiza. Mshona magauni akaagiza. Bibi mmoja aliagiza vya sweta la mjukuu wake na akaomba "vile vya ukubwa wa kucha, vya yule mama mwenye kidole." Kuna aliyeuliza kidole hali yake ikoje. Ndani ya siku tatu vikatoka vifungo mia nne na kumi na viwili, na siku ya kumi na nne wenye soko wakaandika barua nyingine, fupi, kwamba duka linaendelea. Dada mtu akapigiwa simu, akaambiwa atafute mlezi mwingine. Redio ikawashwa.

(Makofi marefu. Mama Vifungo anamshika mama mkwe mkono. Mzungumzaji anayapokea makofi kwa kuinama mara nne.)

Asanteni, mnanizidishia. Kutoka mauzo matatu hadi mia nne na kumi na mawili, hilo, kwa hesabu za ofisi yangu, ni ongezeko la asilimia elfu kumi na tatu mia sita thelathini na tatu! Katibu ananinong'oneza hapa kwamba yale matatu yalikuwa oda na hii mia nne ni vifungo, na mimi namwomba Katibu asiwachanganye wananchi. Kilichobaki ni jambo dogo la kiutaratibu. Namwita Mama Vifungo aje hapa mbele atie saini fomu ya kuthibitisha kwamba ongezeko hili limeletwa na MADUDO. Kalamu hiyo hapo. Saini tu, mama, kusoma si lazima.

(Mama Vifungo anapanda jukwaani. Anaichukua fomu na kuisoma kwa sauti: "Mimi niliyetia saini nakiri kupokea kompyuta mbili, kamera moja, mafunzo ya wiki sita, na chakula cha mchana kila siku ya mafunzo." Minong'ono. Anageuka: "Mheshimiwa, kompyuta ziko wapi?")

Zipo kwenye maandishi, mama.

("Na kamera?")

Iko na kompyuta.

("Na hiki chakula cha mchana?")

Hicho kililiwa, mama, hilo hata wewe ni shahidi.

("Mlikula nyinyi. Nilipika mimi." Kicheko. Katibu anatazama dari. Mama Vifungo, kalamu mkononi, anafuta mstari wa kompyuta, anafuta wa kamera, anafuta mafunzo, anafuta chakula, na mahali palipobaki anaandika polepole huku akitamka: "Nilipokea kamati." Anatia saini. Ukumbi unapiga kelele, viti vinaanguka, na mafundi wanarusha juu tepu zao za kupimia.)

Amesaini! Mmeona, amesaini! Naomba fomu hiyo isikunjwe, Katibu, itundikwe ofisini. Sasa kwa furaha hii tumalizie na kaulimbiu. Nikisema "Kifungo!", mnasema "Kiendelee!" Kifungo!

(Mama mkwe, amesimama juu ya kiti: "Huyu ndiye anastahili kifungo!" Ukumbi: "Kifungo! Apewe kifungo!")

Jamani! Mimi? Sikutegemea. Kwa kweli mmenigusa.

("Kirefu!" "Miaka kumi!")

Miaka kumi! Unasikia, Katibu? Wananchi wanataka kinidumu miaka kumi! Na mimi sitakuwa mchoyo, nitakipokea kwa mikono miwili, na kama kuna maafisa wenzangu mnaoona nao wanastahili, wapeni, msiwasahau. Mauzo juu! Nyota juu! MADUDO juu!

("Madudu! Madudu!")

Ina O, lakini hewala. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mlinzi wa ukumbi huu, aliyetufungulia akidhani ni harusi. Nawashukuru wajumbe wa kamati, ambao leo hawapo kwa sababu wako kwenye kamati. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutawataja kwa majina tukishawapata. Nayashukuru makao makuu, ambayo jana yalipiga simu kuuliza huu ni mradi gani, na Katibu akajibu kwa uaminifu kwamba hata yeye anausikia kwao. Nalishukuru kwa namna ya pekee jalada la mradi, hili hapa, ambalo tangu linunuliwe limebaki safi, halina hata karatasi moja ya kulichafua, maana andiko lenyewe bado sijapata nafasi ya kuliandika, na lisipoandikwa haliombewi kibali, na lisipopata kibali haliwi mradi, nadhani hapo tunaelewana.

Basi kwa mamlaka niliyonayo, natamka kwamba Mradi wa Mauzo ya Duka Dogo la Mtandaoni umefungwa rasmi leo hii. Siku ya kuuanzisha mtatangaziwa.

Asanteni kwa kunisikiliza.